Siriali ya Gitaa la Umeme: Inachosema na Isichoweza Kusema

"Fender original ya 1962, siriali iko." Matangazo ya namna hii hupita sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanamuziki wa Mombasa: picha moja ya gitaa limeegemezwa ukutani, nyingine ya nambari iliyo nyuma yake. Mnunuzi huiandika nambari hiyo kwenye simu, mtandao ukamtajia mwaka na nchi, naye akatuma pesa kwa M-Pesa. Fundi akija kufungua skrubu nne za shingo, mambo hugeuka: shingo ya Indonesia imefungwa kwenye mwili wa Korea, na bamba la chuma lenye nambari limetoka kwingine kabisa.

Nambari yenyewe haikudanganya. Iliulizwa swali isiloweza kulijibu.

Siriali ni nambari ambayo kiwanda hukipa kila chombo ili kisichanganywe na kingine. Kiwanda huiweka kwa haja zake: kuhesabu, kushughulikia dhamana, kulisaka kundi la vyombo likigunduliwa lina kasoro. Hakuna sheria inayovilazimisha viwanda vya magitaa vya ulimwengu mzima kufuata mpangilio mmoja. Kila kampuni ina mpangilio wake, imeubadilisha mara kadhaa, na wakati mwingine haikuwa na mpangilio wowote. Hebu fikiria gari la mtumba linaloteremshwa Kilindini. Litapewa namba ya Kenya mpya kabisa, ilhali lilitoka kiwandani Japani miaka mingi kabla. Anayeisoma namba hiyo anajua lilisajiliwa lini. Hajui injini imebadilishwa mara ngapi. Siriali ya gitaa nayo hukuambia habari za kile kipande ilichobandikwa. Vipande vingine vina habari zao.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane kuhusu majina. Kichwa ni ile sehemu ya juu yenye funguo za kukazia nyuzi. Shingo ndiyo inayoshikwa na mkono unaobonyeza nyuzi. Mwili ndio wenye vinasa sauti na vizungushio. Bamba la shingo ni kile kipande cha chuma nyuma ya mwili ambacho skrubu za shingo hupitia. Potensiometa ni kidude cha mviringo kilichojificha chini ya kila kizungushio cha sauti, na kitatufaa sana huko mbele.

Herufi moja, maana zaidi ya moja

Kosa kubwa kuliko yote ni kusoma herufi ya mwanzo bila kujua kwanza kampuni. Chukua S. Kwenye Fender ya Marekani, S ikifuatwa papo hapo na tarakimu ni ya miaka ya 1970: S7 ni 1977. Kwenye Epiphone ya miaka ya 1990, S ni kiwanda cha Samick cha Korea. Sasa chukua I. Kwenye Squier na Ibanez, I inaonyesha Indonesia. Kwenye Epiphone ya zamani, I ni kiwanda cha Saein, nacho kiko Korea. Wauzaji wengi hukosea hapo bila nia mbaya.

E ina mtego wake. Fender ya Marekani iliitumia kwa miaka ya 1980, lakini magitaa ya Fender yaliyotengenezwa Japani kati ya 1984 na 1987 nayo yana E mwanzoni. Hapo siriali peke yake haitoshi. Itafute maandishi ya "Made in Japan" kichwani au chini ya shingo. Na F? Kwenye Ibanez ni FujiGen, kiwanda cha Japani. Kwenye mabamba ya Fender ya 1965 hadi 1976 kuna F kubwa ya mapambo iliyochongwa chini ya nambari, ambayo si sehemu ya nambari hata kidogo.

Kwa hiyo mpango ni huu: jina la kampuni kwanza, maandishi ya nchi pili, siriali tatu. Ukianza na siriali utapotea.

Fender na Squier

Nyingi ya kesi za hapa kwetu ni za Fender na mdogo wake Squier, basi tukae hapa kidogo.

Hadi 1976, Fender nyingi zilikuwa na nambari kwenye bamba la shingo. Mabamba yalipigwa nambari kwa wingi, yakawekwa ndani ya kasha, na mfanyakazi akachukua lililomkaribia. Kwa hiyo gitaa lenye nambari kubwa linaweza kuwa limetangulia lenye nambari ndogo. Mabamba yenye L mbele ya nambari ni ya takriban 1963 hadi 1965. Mabamba yenye F kubwa yalianza baada ya kampuni ya CBS kuinunua Fender mwanzoni mwa 1965. Bamba hushikwa na skrubu nne tu (tatu kwa Fender nyingi za muundo wa Stratocaster za miaka ya 1970), na linaweza kuhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine kwa dakika kumi. Bamba la zamani peke yake halithibitishi chochote kuhusu gitaa linaloning'inia nalo.

Kuanzia 1976 nambari ilihamia kichwani, na hapo usomaji ukawa rahisi. Herufi ni muongo, tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo huo. S ni miaka ya 1970, E ya 1980, N ya 1990, Z ya 2000. N4 ni 1994. Z5 ni 2005. Tangu 2010 ni US na tarakimu mbili za mwaka, kama US12. Ikitanguliwa na M, gitaa ni la Mexico, kutoka kiwanda cha Ensenada: MN4 ni Mexico 1994, MZ5 ni Mexico 2005, MX12 ni Mexico 2012. Tofauti ya N4 na MN4 ni herufi moja, lakini kwenye bei ni tofauti kubwa. Ndiyo maana unapoangalia picha ya kichwa, ivute ukubwa uone kama pana mkwaruzo mahali M inapopaswa kuwa, au pale palipoandikwa "Made in Mexico". Vanishi iliyokwaruzwa hupoteza mng'ao, na ukimulika tochi kutoka ubavuni utaiona.

Usidhani pia kwamba mwaka huo ni wa uhakika. Stika za nambari zilichapishwa kabla, zikatumika hadi zikaisha. Miongo inapokutana, nambari hupandana. Shingo nyingine za 1990 zina N9 iliyobandikwa kimakosa, na mtu asiyejua atasema 1999. Uchukue mwaka wa siriali ukiwa na nafasi ya mwaka mmoja mbele na mmoja nyuma.

Sasa ile "1962". Mwaka 1982 Fender ilianza kutengeneza upya miundo yake ya zamani, na mojawapo ikaitwa '62. Zile za Marekani zina bamba lenye V na tarakimu kadhaa. V hiyo haikuambii mwaka. Mwaka unapatikana kwa kuifungua shingo na kusoma tarehe iliyo kwenye kitako chake. Za Japani za mwanzo, 1982 hadi 1984, zina JV, na wanaozijua wanazithamini sana. Mtu akikwambia "ya 1962", mara nyingi amesoma jina la muundo akaliita mwaka.

Squier husomeka kirahisi. ICS11 maana yake ni Indonesia, kiwanda cha Cort, Squier, mwaka 2011. CY ni kiwanda cha Yako cha China. KC ni Cort ya Korea. Ukiona kichwa cha umbo la Fender kilichosuguliwa msasa hadi kikawa kitupu, au chenye jina la Fender lililobandikwa juu ya vanishi badala ya kuwa chini yake, geuza upande wa nyuma utafute ICS. Mara nyingi aliyesugua mbele alisahau nyuma.

Gibson na hesabu ya siku

Gibson ilitupa mpangilio bora kuliko wote, kwa sababu una hesabu ndani yake. Kuanzia 1977 hadi 2005, Gibson za kawaida zina tarakimu nane zilizopigwa kwenye mbao nyuma ya kichwa. Tarakimu ya kwanza na ya tano, ukiziweka pamoja, ni mwaka. Ya pili, ya tatu na ya nne ni siku ya mwaka. Tatu za mwisho ni nambari ya gitaa siku hiyo.

Tuseme ni 82347512. Ya kwanza ni 8, ya tano ni 7: mwaka 1987. Katikati ni 234, yaani siku ya 234 ya mwaka. Hadi mwisho wa Julai zimepita siku 212. 234 toa 212 ni 22. Gitaa lilipigwa nambari tarehe 22 Agosti 1987. Zile tatu za mwisho, 512, katika miaka ya mwanzo ya mpangilio huu zilionyesha na mji: chini ya 500 ni Kalamazoo, 500 na kuendelea ni Nashville. Kiwanda cha Kalamazoo kilifungwa 1984, kwa hivyo hili la 1987 haliwezi kuwa la huko.

Hesabu hii hufichua bandia bila kufungua hata skrubu. Mwaka hauna siku zaidi ya 366. Ukikuta tarakimu nane ambazo za katikati ni 451 au 780, simama. Kuna vighairi viwili vya kuzingatia kabla ya kumtuhumu mtu: mwaka 1994, kampuni ilipotimiza miaka mia, nambari nyingi zilianza na 94 na hazikufuata hesabu ya siku, na kuanzia 2014 kwa miaka kadhaa, tarakimu mbili za mwanzo ndizo zilizokuwa mwaka, kama 16 kwa 2016. Kati ya hapo, tangu 2005, iliongezwa tarakimu moja zikawa tisa, lakini mwaka na siku hukaa palepale.

Kabla ya 1977 ni vurugu. Kati ya 1970 na 1975 Gibson ilirudia nambari za tarakimu sita ilizokwisha kuzitumia miaka ya 1960, hivyo nambari moja inaweza kuwa ya magitaa mawili au zaidi. Kinachosaidia ni muhuri wa "MADE IN U.S.A." nyuma ya kichwa, ulioanza 1970. Nambari ya miaka ya sitini ikikaa pamoja na muhuri huo wa kiwandani, gitaa ni la miaka ya sabini.

Gibson za muundo wa Les Paul zinazoigiza zile za 1959 pia zimewapoteza wengi. Siriali yao ya wino huanza na 9 kwa makusudi, kama za 1959 zilivyokuwa. Lakini kwenye zile mpya 9 ni muundo, na tarakimu inayofuata ndiyo mwaka.

Tena, bandia za Gibson nyingi hubeba siriali halali iliyonakiliwa kutoka picha ya gitaa la kweli. Mtandao utaikubali nambari. Basi tazama kifuniko kidogo kichwani, juu ya fimbo ya chuma inayonyoosha shingo: cha Gibson kina skrubu mbili, za bandia nyingi ni tatu. Kitoe. Fimbo ya Gibson hufungwa kwa nati ya pembe sita inayohitaji spana ya bomba. Ukikuta tundu la ufunguo wa Allen kwenye Les Paul inayosemekana ni ya miaka ya 1980 au 1990, usinunue.

Epiphone, Ibanez, Yamaha

Epiphone za takriban 1993 hadi 2008 huanza na herufi ya kiwanda, kisha mwaka na mwezi: S ni Samick, U ni Unsung, I ni Saein, P au R ni Peerless, zote za Korea, EE na EA ni Qingdao, China. Baada ya 2008 ni tarakimu tupu: mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za kiwanda. 120515 ni Mei 2012, na 15 ni Qingdao.

Ibanez ya Japani ya 1975 hadi takriban 1986 huweka herufi ya mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Disemba, kisha mwaka: H78 ni Agosti 1978. Baadaye F ya FujiGen ikaja na tarakimu ya mwaka, na kuanzia 1997 tarakimu mbili. Za Indonesia ni I, mwaka, mwezi: I1105 ni Mei 2011.

Yamaha hutumia herufi badala ya tarakimu kuanzia H, ambayo ni 1, I ni 2, J ni 3, na kuendelea. Shida ni kwamba mwaka hujirudia kila muongo na mpangilio hutofautiana kati ya viwanda, kwa hivyo jina la modeli husaidia zaidi. Waandikie Yamaha wenyewe ukiwa na picha.

Mashahidi wengine

Kanuni ya kushika ni moja: gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko kipande chake kipya zaidi kilichotoka nalo kiwandani. Kwa hivyo tafuta tarehe nyingine ndani.

Potensiometa za Marekani huwa na msimbo uliopigwa ubavuni au mgongoni. 137 ni kampuni ya CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki. 1377633 ni CTS, 1976, wiki ya 33. Hiyo ni tarehe ya potensiometa, na gitaa lilikuja baada yake, pengine miezi, pengine miaka: Fender ilinunua shehena kubwa mwaka 1966 na iliendelea kuzitumia karibu hadi mwisho wa muongo. Kwenye Telecaster, muundo mwingine wa Fender, ni rahisi kuziona, bamba la vizungushio lina skrubu mbili tu. Stratocaster nyingi zina kumi na moja kwenye bamba la mbele, na nyuzi lazima zilegezwe kwanza. Lehemu ikiwa imefunika msimbo, iache. Na ukiona B250K au A500K, hiyo si siriali wala mwaka. Ni kipimo cha umeme. Potensiometa nyingi za Asia hazina tarehe yoyote, nazo mara nyingi ni ndogo, kipenyo milimita 16 badala ya 24. Hilo lenyewe ni jibu ukiambiwa gitaa ni la Marekani.

Kitako cha shingo ya Fender huwa na tarehe kwa penseli au muhuri. Kwenye zile za miaka ya 1960 utakuta kitu kama "2 JUN 65 B". Ile 2 si siku; ni msimbo wa aina ya shingo. B ni upana wake.

Kutoa shingo ya skrubu: legeza nyuzi zote hadi zining'inie, legeza skrubu kwa zamu robo mzunguko kila moja, kisha zitoe uzipange kwa nafasi zake. Kukiwa na kipande chembamba cha kadi au mbao ndani ya shimo, kiache hapo hapo. Ndicho kinachoweka pembe ya shingo. Unaporudisha, zungusha kila skrubu kinyumenyume kwanza hadi uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukiilazimisha itachonga njia mpya na mbao italegea. Shingo ya Gibson imegundishwa kwa gundi, usijaribu.

Kutu si umri

Hapa Pwani jambo hili lina uzito wake. Hewa ya chumvi ya Nyali, Bamburi au Diani hula skrubu, briji na nyuzi ndani ya miezi. Gitaa la 2015 lililopigwa kila usiku kwenye hoteli ya ufukweni litaonekana la 1985. Kutu hueleza lilipoishi. Tazama badala yake mashimo ya skrubu, rangi iliyo chini ya bamba ambako jua halikufika, na lehemu kama imeguswa zaidi ya mara moja.

Bamba likiwa na kutu, usilisugue kwa msasa, utafuta nambari. Tia tone la mafuta ya cherehani, acha usiku mzima, pangusa kwa kitambaa laini. Stika iliyofifia kichwani usiipake thina wala petroli. Zima taa, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, piga picha kadhaa kwa pembe tofauti.

Wengine huamini kwamba gitaa lisilo na siriali ni la wizi au bandia. Si hivyo. Magitaa mengi ya bei ya chini ya Japani ya miaka ya 1960 na 1970 hayakupewa nambari kabisa, na yaliyopakwa rangi upya hupoteza stika. Ila mahali palipochimbwa kwa makusudi, pakiacha shimo la msasa mahali hasa pa nambari, hapo una haki ya kuuliza.

Wala Indonesia si aibu. Cort hutengenezea kampuni nyingi, na Squier yake iliyonyooka shingo ni chombo cha kazi. Ubaya ni kulipa bei ya Marekani kwa kitu cha Indonesia.

Ukinunua kwa mbali, omba picha sita kabla ya bei: kichwa mbele, kichwa nyuma, bamba la shingo, mwili mzima mbele na nyuma, na ndani ya vizungushio. Muuzaji akikataa ile ya mwisho kwa sababu hana bisibisi, mwambie utakuja na yako. Na ukiuza, andika ulichokithibitisha tu, kila kipande kwa jina lake: shingo ya Fender Mexico, siriali MN4, yaani takriban 1994, mwili haujathibitishwa, potensiometa zimebadilishwa. Nambari yote iandikwe kwenye risiti, herufi kwa herufi, pamoja na mahali ilipo kwenye gitaa.